Binti wa Mtoni na Wavulana wa Kiungani

Mtu akitaka kuandika habari za maisha yake mwenyewe, sehemu iliyo ngumu kuliko zote ni ile ya kwanza. Mambo ya utu uzima ana barua zake za kumkumbusha, ana wenzake wa kuwauliza, ana tarehe. Lakini utoto haukuandikwa na mtu wakati ulipokuwa ukipita, wala mtoto hakujua kwamba siku moja atatakiwa kuusimulia. Hubaki vipande tu: mwendo wa baba barazani, mti uliopandwa bila ya ruhusa, fimbo ya mwalimu, siku ya kuhama nyumba. Mtu mzima huviokota vipande hivyo akaviunga, na katika kuviunga huchanganya humo fikira zake za sasa bila ya kujijua. Kwa hiyo asomaye kitabu cha namna hii husikia sauti mbili kwa pamoja, sauti ya mtoto aliyeona na sauti ya mtu mzima anayekumbuka, na inampasa ajifunze kuzitenga.

Kisiwa cha Unguja kina vitabu viwili vya namna hii ambavyo vilipigwa chapa kwa kufuatana, kimoja katika mwaka wa 1886 na cha pili katika mwaka wa 1887. Cha kwanza kiliandikwa na binti wa Sultani. Cha pili kiliandikwa na wavulana waliokuwa watumwa. Watu wengi wamekisoma kile cha kwanza. Cha pili hakijulikani sana. Lakini asomaye kimoja tu ameona nusu ya kisiwa.

Salme binti Said alizaliwa tarehe 30 Agosti 1844 katika jumba la Mtoni, lililojengwa ufuoni, maili chache kaskazini ya mji wa Unguja. Baba yake alikuwa Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Omani na Unguja, yule aliyeuhamisha ufalme wake kutoka Maskati akauleta Unguja, na kuwahimiza wenye mashamba kupanda mikarafuu. Jumba lile lilikuwa kama mji mdogo. Salme alikisia kwamba waliokaa humo, wakubwa na wadogo, waungwana na watumwa, walipata 1,000. Uani walitembea paa, tausi, mbuni na heroe. Lugha zilizosikika humo zilikuwa nyingi: Kiarabu, Kiajemi, Kituruki, Kihabeshi, Kinubi na Kiswahili, lakini mbele ya Seyyid mwenyewe lugha iliyoruhusiwa ilikuwa Kiarabu.

Katika kitabu chake Salme hamwelezi baba yake kama waandishi wa tarikh wanavyomweleza, kwa vita vyake na mapatano yake na wafalme wa Ulaya. Anamweleza kama mtoto alivyomwona. Mbele ya jumba palikuwa na baraza kubwa ya mviringo iliyoelekea baharini, iliyoitwa benjle. Hapo Seyyid Said alikuwa akitembea huku na huku, kichwa amekiinamisha, akiwaza. Alichechemea kidogo, kwa kuwa risasi ilimwingia pajani katika vita vya zamani nayo haikutoka. Watoto walikwenda kumwamkia asubuhi, naye akawapa peremende zilizotoka Ufaransa. Haya ni mambo madogo, lakini ni mtoto tu awezaye kuyaleta. Mjumbe wa serikali aliyemzuru Seyyid aliandika juu ya biashara na merikebu. Mtoto alikumbuka mguu uliochechemea na peremende.

Tena pana kisa cha mnazi. Wakwezi wa Unguja wapandapo mnazi mrefu hufunga pingu ya kamba miguuni, ili wapate pa kujishikiza. Salme, naye alikuwa bado mtoto mdogo, siku moja aliupanda mnazi bila ya pingu hata akafika juu, akaanza kuwaamkia kwa majivuno waliopita chini. Watu wakataharuki. Mama yake akamsihi ashuke, akamwahidi vitu vingi vizuri, naye akashuka polepole. Siku ile akapewa zawadi kwa kusalimika kwake, ambapo, kwa maneno yake mwenyewe alipokuwa mtu mzima, alistahili kupigwa. Hapo sauti zote mbili zasikilikana wazi: mtoto anajisifu kule juu, na mama wa watoto anamhukumu kutoka chini.

Mafunzo ya chuoni yalikuwa namna moja kwa watoto wote. Walikaa juu ya mkeka mbele ya mwalimu, mwanamke mkali aliyeletwa kutoka Omani, wakasoma Kurani. Fimbo ilikuwa karibu. Lakini palikuwa na tofauti moja: wavulana walifundishwa kusoma na kuandika, na wasichana walifundishwa kusoma tu. Wazee walidhani kwamba kalamu mikononi mwa mwanamke haileti heri.

Salme hakuridhika. Akachukua msahafu, akatwaa mfupa mpana wa bega la ngamia, ambao ndio uliokuwa ubao wa kujifunzia, akaanza kuziiga herufi moja moja kama alivyoziona. Hakuwa na mwalimu. Alifanya hivi kwa siri, mara nyingi, hata mkono ukazoea. Ilipobaki kujua namna ya kuupamba mwandiko, akamtaka mmoja wa watumwa waliojua kuandika amfundishe. (Msomaji na alishike jambo hili: katika nyumba ile mtumwa mwanamume aliweza kuijua kalamu, na binti wa Sultani amekatazwa.) Habari zilipotoka alilaumiwa sana. Hakujali. Na alipokuwa mtu mzima, akikaa mbali na kwao, aliibariki siku ile aliyoanza, kwa kuwa kwa kalamu aliweza kuzungumza na wapenzi wake waliobaki Unguja bila ya kumpitia mtu mwingine.

Lakini kabla ya baraka yalitangulia majuto, na hapa ndipo kitabu kinapoacha kuwa hadithi ya watoto.

Salme alipokuwa na umri wa miaka 7 alihama Mtoni pamoja na mama yake, wakaenda kukaa mjini katika nyumba ya kaka yake Majid, iliyoitwa Bet il Watoro. Aliona dhiki sana mwanzoni, kwa maana nyumba ya mjini haina uwanja wala kijito, na wenziwe wa kucheza walibaki kule. Majid akamfundisha kupanda farasi na kulenga shabaha kama mvulana. Basi Majid hakuwa ndugu wa jina tu. Alikuwa ndiye mlezi wake.

Katika mwaka wa 1856 watu wa nyumba ile walikuwa wakiingojea kwa furaha merikebu ya Seyyid Said, aliyekuwa amekwenda Omani. Merikebu ikaja na maiti. Seyyid alikuwa amefariki baharini karibu na visiwa vya Shelisheli, tarehe 19 Oktoba. Salme alikuwa na miaka 12. Kwa umri huo akahesabiwa mtu mzima, akapewa urithi wake, shamba na fedha. Watoto wa Seyyid wakagawanyika: Thuweni akatawala Omani, Majid akatawala Unguja, na mdogo wao Barghash hakupendezwa. Katika mwaka wa 1859 ugonjwa wa kipindupindu ukaingia kisiwani, na mama yake Salme akafa.

Msichana wa miaka 15, hana baba wala mama, ana mali, na ana moyo wa kupenda kwa nguvu. Dada yake Khole, ambaye alimpenda kuliko ndugu wote, alikuwa upande wa Barghash. Khole akamvuta. Waliokuwa katika njama ya kumwondoa Majid walihitaji mtu wa kuandika barua zao za siri, naye katika wanawake wa jamaa ile aliyejua kuandika alikuwa Salme. Akawa karani wao. Herufi zile alizojifunza juu ya mfupa wa ngamia sasa ziliagiza bunduki, risasi na baruti za kumpigania ndugu mmoja juu ya ndugu mwingine. Na yule mwingine ndiye aliyemlea.

Askari wa Majid wakaizunguka nyumba ya Barghash. Usiku mmoja Khole na Salme walipita katikati ya walinzi, wakamvika Barghash mavazi ya kike, wakamtoa. Yeye na watu wake wakajikusanya katika shamba moja lililoitwa Marseilles. Majid akasaidiwa na wanamaji wa Kiingereza, na uasi ukavunjwa. Barghash akapelekwa Bombay, akakaa huko miaka miwili. Majid hakumwadhibu dada yake. Salme akaondoka mjini akakaa mashambani, na baadaye akapatana na Majid. Na kwa kupatana naye akawachukiza wale wa upande wa pili. Hivyo ujana wake ukaisha naye hana kundi.

Ingekuwa rahisi kwake kuificha habari hii alipoandika. Watoto wake hawangejua. Lakini aliieleza, naye hakujipamba. Wapo watu wazima wengi ambao wakiandika ujana wao huwa mashujaa katika kila ukurasa. Kitabu cha Salme kina thamani kubwa zaidi katika kurasa hizi ambazo yeye si shujaa.

Mambo yaliyofuata yaelezwe kwa ufupi. Katika mwaka wa 1866 Salme aliondoka Unguja katika manowari ya Kiingereza akaenda Aden. Huko, mwaka wa 1867, alibatizwa kwa jina la Emily, akaolewa na mfanyabiashara Mdachi, Heinrich Ruete, wakaenda kukaa Hamburg. Mwaka wa 1870 mume akafa katika ajali ya gari la reli la mjini, akamwacha na watoto watatu katika nchi ya baridi na lugha aliyokuwa akijifunza. Kwa ajili ya watoto hao, ambao hawakuujua mji wa mama yao, alianza kuandika. Hakukusudia kwanza kukitoa kitabu kwa watu. Kilipochapwa Berlin katika mwaka wa 1886 kilikuwa kwa Kidachi, lugha ambayo yule mtoto wa Mtoni hakupata kuisikia.

Hili yafaa kukumbukwa kila anapousifu uzuri wa Mtoni. Anayeuona uwanja wa Mtoni ni mjane aketiye Ulaya, hana ndugu karibu naye, tena Barghash, ambaye alikuwa Sultani tangu mwaka wa 1870, hakutaka kumwona hata alipokuja Unguja katika mwaka wa 1885. Mtu wa namna hii hukumbuka jua kuwa kali zaidi na matunda kuwa matamu zaidi. Si uongo, ni kazi ya umbali.

Liko jambo moja, hata hivyo, ambalo umbali peke yake hauwezi kulieleza. Katika kitabu kile iko sura juu ya utumwa. Salme anautetea. Anadai kwamba utumwa wa Waarabu haukufanana na ule wa Marekani, kwamba watumwa wakisha kufika Unguja walitunzwa, na kwamba kuufuta kwa ghafula kuliwadhuru wenye mashamba. Aliandika hivyo baada ya mwaka wa 1873, ambao ndio mwaka Barghash alipotia sahihi mkataba na Waingereza, na soko la watumwa la Unguja likafungwa.

Na ajabu ni kwamba kitabu hicho hicho kina hadithi nyingine ya utoto, nayo ni ya mama yake. Jilfidan, mama wa Salme, alikuwa Mcherkesi, mtu wa milima ya Kaukazi. Baba yake alikuwa mkulima. Vita vikaingia nchini, na wanyang'anyi wakaivamia nyumba yao wakawaua baba na mama. Watoto watatu, mvulana na wasichana wawili, wakapakizwa kila mmoja juu ya farasi wake. Jilfidan alimsikia mdogo wake akilia njiani mpaka usiku. Kisha njia zikaachana, na hakumwona tena yeye wala kaka yake maishani mwake. Alipoingia katika nyumba ya Seyyid Said alikuwa na umri wa miaka 7 au 8, na jino lake la kwanza la utoto lilimtoka akiwa humo. Alilelewa pamoja na mabinti wawili wa Seyyid waliolingana naye, na pamoja nao akajifunza kusoma.

Salme aliisimulia hadithi hii kwa huzuni ya kweli. Alijua basi kilio cha mtoto mmoja aliyeibiwa. Lakini maelfu ya watoto walioletwa mjini katika majahazi hakuwajua kwa majina, wala hakuwasikia wakilia njiani. Aliwaona wakisha kufika, wakichota maji na kufagia ua. Mtoto wa jumba kubwa huona wale wanaomtumikia, haoni walikotoka. Hilo si kosa la mtoto. Lakini mwanamke wa miaka 40 na zaidi, aliyekwisha kuisikia hadithi ya mama yake mara nyingi, angaliweza kuuliza, naye hakuuliza. Msomaji ampendaye Salme, na ni vigumu kutompenda, asiyarukie maneno haya.

Ndipo kinapofaa kile kitabu cha pili.

Mwaka wa 1864, Salme alipokuwa angali Unguja, Askofu Tozer wa Misheni ya Vyuo Vikuu aliwasili kisiwani pamoja na Padre Edward Steere. Seyyid Majid, yule kaka yake Salme, aliwapa wavulana watano waliokamatwa katika jahazi la watumwa. Hao ndio waliokuwa mwanzo wa skuli ambayo baadaye ilikaa Kiungani, kusini ya mji. Wengine wakaongezeka mwaka kwa mwaka, kila manowari za Kiingereza zilipokamata majahazi. Walikuwa Wayao, Wamakua, Wanyasa, Wabisa na makabila mengine ya bara, na lugha iliyowaunganisha ilikuwa Kiswahili.

Mwalimu mmoja wa huko, Arthur Cornwallis Madan, yule aliyetunga kamusi za Kiswahili na Kiingereza, aliwataka wavulana waandike habari za maisha yao na za nchi zao. Wakaandika. Madan akafasiri kwa Kiingereza, na katika mwaka wa 1887 kitabu kikatoka London, jina lake Kiungani.

Kati ya habari hizi na zile za Mtoni tofauti ni kubwa, wala si ya mali tu. Salme aliweza kuijaza sura nzima kwa nyumba moja, kwa kuwa alikaa humo, akaitoka, akairudia, na palikuwa na watu wa kumkumbusha. Mvulana wa Kiungani hakuwa na mtu wa kumwuliza, Je, mto ule uliitwaje? Mama alikuwa amevaa nini siku ile? Waliokuwa na majibu wamekufa au wametawanyika. Kwa hiyo utoto wake katika karatasi ni kijiji kwa mistari michache, kisha vita au njaa au hila ya mtu, kisha njia. Njia ndiyo iliyo ndefu: kuuzwa na huyu kwa yule, mzigo, kiu, pwani, jahazi, bahari. Maneno ni makavu. Hapana kupamba. Mtu aweza kudhani kwamba hawakuona uchungu. Bali yafaa kukumbuka kwamba walikuwa vijana wakiandika kazi ya skuli ili mwalimu aisome, na kwamba jambo kubwa mno mara nyingi husemwa kwa sentensi fupi.

Mmoja wa waliopita Kiungani aliirudia habari yake alipokuwa mzee, akaitolea kitabu chake mwenyewe. Huyo ni Padre Petro Kilekwa, Mbisa, wa nchi iitwayo sasa Zambia. Alishikwa akiwa mtoto, akauzwa, akaletwa pwani, akatiwa jahazini. Manowari ya Kiingereza iitwayo Osprey ikalikamata jahazi lile, na baada ya kupitia Maskati akaletwa Unguja akatiwa skuli. Akawa mwalimu, kisha padre katika nchi ya Nyasa. Kitabu chake kilitoka kwa Kiingereza katika mwaka wa 1937. Miaka mingi ilikuwa imepita tangu siku aliyoshikwa, naye, kama Salme, alisimulia utoto akiwa ameuacha mbali sana. Lakini Salme alitazama nyuma akaona nyumba aliyopoteza, na Kilekwa alitazama nyuma akaona nyumba aliyonyang'anywa.

Salme alifariki huko Jena, Udachi, katika mwaka wa 1924. Magofu ya Mtoni yako ufuoni hata leo. Mtu atokaye hapo kwenda Kiungani hana budi kuupita mji, na mjini atafika Mkunazini, palipokuwa na soko la watumwa hata mwaka wa 1873, na ambapo pana kanisa sasa. Wavulana wa Kiungani walipajua mahali hapo. Katika utoto wa binti wa Mtoni palikuwa karibu vile vile.